Karatasi Bila Pointi

Hadi leo, mtu akisimama mbele yangu akaniambia, "Madame, si watoto wanajua? Si wamesema wenyewe?", damu inanichemka. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kwanza Kalembe, pale Masisi na Walikale zinapopakana, kisha kwenye hema za wakimbizi upande wa Sake, miaka ile ya vita. Na ninasema wazi: kusema si kujua. Mtoto anaweza kukuimbia jambo lote kwa Kifaransa, mikono nyuma, shingo juu, bila kukosa hata neno moja, na kichwani mwake kukawa na jambo jingine kabisa. Hilo sikulisoma kitabuni. Nililijua kwa kumzika mwanafunzi wangu.

Kule Kalembe shule yetu ilikuwa ya mbao, mabati juu, na mvua ikinyesha hakuna aliyesikia lolote. Kazi yetu ilikwenda hivi: mwalimu anaandika muhtasari ubaoni, watoto wananakili daftarini, kesho yake wanauimba wote pamoja, kesho kutwa wanafanya intero. Intero ni maswali ya haraka yenye pointi kumi. Ukirudisha maneno ya ubao jinsi yalivyo, kumi zako. Ukiyageuza kidogo, hata kama umeelewa, unapata sita. Mimi nilikuwa hodari wa mambo hayo. Darasa langu la sita liliimba sayansi kuliko kwaya ya parokia ilivyoimba misa, na nilijivuna mno.

Siku moja baada ya masomo nilikuwa nashuka mtoni, nikamkuta mwanafunzi wangu wa kwanza wa darasa akisaidiana na mama yake kukata mgomba ulioanguka. Nitamwita binti tu, jina lake nabaki nalo mimi. Alikuwa na miaka kama kumi na miwili, mwembamba, mwepesi wa mbio na mwepesi zaidi wa maneno. Jana yake alikuwa amepata kumi juu ya kumi kwenye intero ya mimea: mmea hujitengenezea chakula kwa hewa, maji na mwanga wa jua. Nikamuuliza kwa utani, shina lote hili, uzito wote huu, ulitoka wapi?

"Mu udongo, Madame."

"Mu udongo?"

"Eh. Mugomba inakula udongo, njo inakuwa munene."

"Na ile uliandika jana?"

Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Madame, ile iko ya intero."

Mama yake akacheka mpaka akaweka panga chini. "Mwalimu, usijisumbue. Kama mugomba haikule udongo, juu ya nini shamba ya zamani inachoka?"

Nikacheka naye kwa adabu. Swali lake lilikuwa zuri, nililiona kuwa zuri, lakini sikulijibu. Nilijiambia, mama huyu hakusoma hata darasa moja, nitaanzia wapi kumweleza? Nikachota maji yangu nikapanda nyumbani.

Njia nzima hasira zilinipanda. Kwanza nilimkasirikia mtoto. Ile iko ya intero! Yaani mimi najikausha koo mwaka mzima, mavumbi ya chaki yananiingia kifuani, kumbe wananirudishia tu vitu vyangu jinsi nilivyowapa, halafu wanakwenda zao na vya kwao! Lakini nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imegeuka njiani ikanirudia mwenyewe. Nani aliwafundisha kwamba kuna maneno ya intero na maneno ya kweli? Ni mimi. Kumi juu ya kumi niliiandika mimi, kwa wino mwekundu, kwa mkono wangu huu.

Hapo ndipo zilipoanza karatasi. Pale senta kulikuwa na mama mmoja wa Butembo mwenye duka la sabuni, chumvi na mafuta, mtu wa misa kila asubuhi. Nikamwomba katoni zake tupu za sabuni. Aliniuliza nataka kuanika nini juu yake. Nikamwambia nataka kuanika vichwa vya watoto. Akacheka, akanipa, na tangu siku hiyo akawa ananiwekea. Nilizikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande wa ndani, ule usio na maandishi, ndio watoto waliandikia.

Masharti yangu yalikuwa machache. Usiandike jina. Hakuna pointi. Andika kwa Kiswahili cha nyumbani. Uniambie wewe unafikiri nini, si ubao unafikiri nini. Watoto wakatazamana, wakidhani ni mtego. Binti akanyoosha kidole.

"Madame, kama karatasi haina pointi, tunaandika juu ya nini?"

"Juu nataka kujua."

"Unataka kujua, na uko mwalimu?"

Darasa zima likacheka, na mimi pia. Kisha wakaandika. Yesu wangu! Jioni ile, nikingoja maharagwe yaive, nilisoma vipande arobaini na tatu, na kila kimoja kilinipiga kofi. Jua linaingia shimoni usiku. Damu inatengenezwa na mafuta mekundu ya mawese, njo mama anayezaa anapewa mboga ya mawese. Mtoto aliyezaliwa mwezi mchanga ana maji mengi mwilini. Na chini ya kila jibu, "juu ya nini" yake, imepangwa vizuri, ina akili ndani yake. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa na sayansi nzima ya kwao, na miaka yote mimi nilikuwa naipaka chokaa juu.

Basi tukaanza upya. Kila baada ya somo, karatasi. Nikiona wamepotelea wapi, kesho yake narudi palepale, nawaletea kitu cha kushika, tunabishana mpaka waamini kwa macho yao. Somo la siku moja lilichukua siku tatu. Direkteri wetu, mkuu wa shule, aliniona, akatikisa kichwa, akaniacha. Aliniacha kwa sababu miaka ile barabara ya Kalembe haikupitika na hakuna inspekteri wa shule aliyeweza kutufikia. Nilidhani ananielewa. Wapi!

Kuna kitu kingine niliwafundisha Kalembe, na hiki lazima nikieleze. Nyuma ya shule kulikuwa na mfereji mrefu wa maji ya mvua. Milio ya bunduki ilipoanza kusogea, nilikuwa natoa darasa nje na kulizoesha: nikipiga makofi mawili, wote mbio, wote ndani ya mfereji, tumbo chini, uso kwenye udongo, usiinue kichwa mpaka nikuguse. Tulifanya kila juma. Waliufurahia kama mchezo. Binti alikuwa wa kwanza kufika kila mara, na akawa anawakaripia waliochelewa. Halafu siku ikafika. Masasi, yaani risasi, yalitoboa mbao za darasa letu, mashimo upande huu na upande ule, pale hasa ambapo vichwa vyao vilikuwa dakika moja kabla. Sisi tulikuwa mferejini. Hakuna aliyechubuka. Wazazi walikuja kunishika mikono, wengine walilia. Somo hilo halikuhitaji karatasi yoyote. Liliingia kwenye miguu yao likakaa.

Miezi michache baadaye Kalembe yote ilihama. Tulitembea na magodoro kichwani, tukapanda milima ya Masisi, tukalala Karuba katika banda la ng'ombe, tukateremka mpaka karibu na Sake, upande wa kwenda Mubambiro. Pale ndipo tulipoambiwa tusimamishe hema. Ardhi yenyewe ilikuwa mawe meusi ya volkano, makali, yanakula viatu. Direkteri alipata hema mbili kubwa, akaning'iniza ubao, akapiga kengele ya rimu ya gari, akatangaza kwamba shule ya Kalembe haijafa. Namheshimu kwa hilo, sitakataa. Alikuwa ameacha nyumba yake inaungua, na juma la pili alikuwa ameshapanga ratiba.

Nyuma ya hema ya darasa langu, hatua kama mia mbili, palikuwa na bonde dogo kati ya mawe. Kina chake kilifika kifua cha mtu mzima, na majani yake yalikuwa mabichi wakati pengine pote ni pakavu. Mama mmoja mwenyeji wa Sake alinikuta nalitazama, akaniambia, "Dada, musiache batoto baingie kule. Iko mazuku."

Mazuku. Sisi wa Kalembe neno hilo tulilisikia kwa mbali tu. Kwetu ardhi haipumui. Lakini huku, volkano inatoa hewa mbaya chini ya mawe, hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo kwa kuwa ni nzito inajaa kwenye mashimo kimyakimya. Anayeinama humo anavuta mara mbili tatu, anaanguka. Jumamosi nilikwenda peke yangu, nikatazama vizuri. Ndege wawili chini, panya mmoja, mjusi. Nikafunga majani makavu kwenye mti mrefu, nikayawasha, nikayateremsha polepole. Yalipofika usawa wa goti yalizimika fu, hata moshi ukalala. Nikarudi nyuma hatua kumi bila kutaka. Gazi kaboniki, ile hewa ya ukaa niliyoifundisha miaka yote kwa chaki, ilikuwa hapo imetulia, inangoja.

Nikafundisha somo hilo upya. Nikasema waziwazi, bonde lile linaua, msiingie. Wakanakili. Wakaimba. Wakafanya intero: je, gazi kaboniki ni nzito au nyepesi kuliko hewa? Karibu darasa zima lilipata kumi. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza. Jumatatu nikatoa vipande vya katoni, nikaandika ubaoni swali moja tu: Masasi inalia. Masomo imekwisha. Utalala wapi, na juu ya nini?

Nilivisoma saa kumi, nimekaa kwenye jiwe. Watoto wa Sake, wachache waliojiunga na darasa letu, waliandika: nyuma ya ukuta wa mawe, kule juu. Wangu wa Kalembe, karibu wote, waliandika: mu shimo. Nitalala mu shimo juu masasi inapita pa juu. Nitalala mu shimo, gazi inapanda sawa moshi, chini iko muzuri. Mazuku inashika mwenye haombi. Mazuku iko ya mbuzi. Mazuku iko na harufu, nitaisikia, nitatoka. Na kimoja kilikuwa na mwandiko nilioujua vizuri, herufi zimelala upande mmoja, hakukuwa na haja ya jina: "Nitalala mu shimo sawa vile Madame alitufundisha. Gazi kaboniki iko nzito lakini ile njo inatoka mu pua ya muntu. Ya mu shimo iko mazuku, haiko gazi."

Sawa vile Madame alitufundisha. Nilisoma maneno hayo mara ngapi sijui. Wa kwanza wa darasa, mwepesi wa mbio kuliko wote, alikuwa na gazi yake ya intero upande huu, na shimo lake la kujiokoa upande ule, na kati yao hapakuwa na njia. Shimo hilo nilimpa mimi.

Nilinyanyuka mbio nikaenda kwa Direkteri na vipande vyangu mkononi. Nilimkuta anapanga daftari za mahudhurio, kwa maana Jumatano inspekteri alikuwa anakuja, wa kwanza tangu tuhame.

"Papa Direkteri, kesho asubuhi natoa darasa nje. Nawapeleka pale ku shimo, kila mutoto azimishe moto wake mwenyewe. Na nawazoeza pa kukimbilia."

"Kesho ni sehemu za ua, Madame. Iko mu programu."

"Sehemu za ua zitangoja."

"Inspekteri hatangoja."

Nikampa vipande. Akasoma viwili, vitatu, akavirudisha mezani. Akasimama, akaenda hadi hema ya darasa langu ambako watoto kadhaa walikuwa bado wanafagia, akauliza kwa sauti ya ukaguzi, kwa Kifaransa: gazi kaboniki ikoje? Na wote, mafagio mikononi, wakasimama sawasawa wakamwimbia, kwa Kifaransa pia, kwamba ni nzito kuliko hewa. Binti ndiye aliyewaongoza. Direkteri akanigeukia, uso umechangamka.

"Umeona? Banajua."

"Banasema, Papa Direkteri. Habajue."

"Madame, unafanyia kazi serikali ao katoni za sabuni? Intero bila pointi, bila jina, kwa Kiswahili! Inspekteri akikuta hizi takataka nitamwambia nini? Siku ya tano, Ijumaa, akisha kuondoka, peleka batoto kwenye unataka. Siku ine tu. Shimo haitakimbia."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Mimi, ambaye kwa vitu vidogo nafoka mpaka majirani wanatoka nje! Ningeweza kumwambia aingie yeye basi humo shimoni aimbe. Ningeweza kunyamaza, na asubuhi nikatoa darasa nje bila kumuuliza mtu. Lakini pale kambini kulikuwa na walimu kumi waliokimbia Walikale, wamekaa bila darasa, wanangoja mmoja wetu ateleze. Niliogopa barua ya kusimamishwa. Ndiyo hiyo tu, hakuna sababu nyingine ya heshima. Nikasema, "Ndiyo, Papa Direkteri."

Nikarudi darasani nikawaambia wale wa mafagio, "Musiingie mu shimo, munasikia?" Wakaitika kwa pamoja, "Ndiyo, Madame!" Na mimi nikajifanya nimetosheka na wimbo, mimi niliyejua wimbo ni nini.

Jumanne nilifundisha sehemu za ua. Jumatano inspekteri alifika na pikipiki, suruali imejaa matope, akakaa nyuma na kalamu yake. Watoto waling'ara. Akauliza maswali ya hapa na pale, na alipofika kwenye gazi binti alinyoosha kidole mpaka nusu ya mwili ukatoka kwenye jiwe alilokalia. Akajibu bila kosa. Inspekteri akaamuru apigiwe makofi, yakapigwa kwa mpangilio, matatu-matatu, na yeye akainamisha kichwa huku anacheka chini chini. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mlango wa hema uko wazi, na majani mabichi ya bonde lile yanaonekana. Inspekteri akaandika kwamba somo limeeleweka vizuri. Direkteri alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Alhamisi kulipambazuka baridi, umande mzito, upepo hakuna kabisa. Asubuhi za namna hiyo ndizo mbaya, wenyeji walinieleza baadaye, maana bila upepo na jua hewa ile inajaa mpaka ukingoni. Nilikuwa njiani kuelekea shuleni milio ilipoanza, huko juu mlimani. Niseme ilikuwa mbali. Niseme tena: ilikuwa mbali, hakuna risasi hata moja iliyofika kambini siku ile. Lakini mtoto aliyetobolewa darasa lake kule Kalembe hapimi umbali. Watoto waliokuwa wanafagia walitupa mafagio. Wa Sake walipanda kwenye ukuta wa mawe, wanaita wenzao. Wangu walikwenda kule miguu yao ilikozoezwa.

Binti alikuwa mbele, kama siku zote. Wenzake waliniambia alipofika ukingoni aligeuka akawapungia mkono wafanye haraka, kisha akaruka, akalala tumbo chini, uso kwenye udongo. Vizuri kabisa. Wale wanne waliomfuata walimwita wakiwa ukingoni, hakuitika. Mmoja akasema, anangoja aguswe, njo vile Madame alitufundisha. Mwingine akaona ndege wale waliokufa, akaanza kulia, na kwa kulia kwake wakasita, na kwa kusita kwao wako hai mpaka leo.

Nilifika, nikavuta pumzi, nikaruka. Baba mmoja wa kambi alikuwa amenifunga kitambaa cha kikwembe kiunoni akishikilia ncha. Nilimshika binti mikono tukavutwa wote wawili. Tulimwagia maji, tulimpuliza, tulimsugua kifua, wakati milio inazidi kufifia huko mlimani. Hakuwa na jeraha lolote. Sweta yake ilikuwa na umande tu.

Kwenye matanga Direkteri alisimama akasema tumempoteza wa kwanza wa darasa, mtoto aliyejua masomo yake yote, ameuawa na vita. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nami nilikuwa nimekaa kati ya akina mama, nikasimama nikapiga kelele mbele ya watu wote. Aka! Si vita! Masasi hayakufika! Mutoto huyu ameuawa na kumi juu ya kumi! Wakanishika, wakanikalisha, wakasema mwalimu amechanganyikiwa kwa huzuni. Sikuchanganyikiwa. Sijawahi kuwa na akili timamu kuliko dakika ile.

Ijumaa, siku niliyopewa ruhusa, nilitoa darasa zima nje. Kila mtoto alifunga majani yake, akayawasha, akayateremsha kwa mti mrefu, akayaona yanazimika. Arobaini na wawili. Walichukua asubuhi nzima. Mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo, "Madame, basi gazi ya mu daftari na mazuku iko kintu moja?" Nikasema ndiyo, ni kitu kimoja. Wakatazamana. Nikasikia darasa zima linaelewa, kwa ukimya, siku moja baada ya wakati wake. Direkteri alisimama nyuma yetu, mikono mfukoni. Hakuuliza hili liko ukurasa gani wa programu.

Jumapili mchana, watu walipopungua msibani, mama yake alikuja hemani kwangu. Mama yule yule wa mgomba. Hakubisha hodi. Akakaa kwenye jiwe mlangoni, nami nikatoka nikakaa chini mbele yake.

"Mwalimu, niko na swali moja."

"Uliza, Mama."

"Mutoto wangu alikuwa anajua kama ile shimo inaua?"

Watu wote walikuwa wamemwambia alijua. Direkteri alimwambia, wazee wa kanisa walimwambia, na inspekteri alituma salamu kwamba alimsikia kwa masikio yake. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu: alijua, Mama, ni woga tu ulimzidi. Lingempoza. Lingenipoza na mimi.

"Hapana, Mama. Hakujua. Alikuwa anasema tu."

Akaitika kwa kichwa taratibu. "Na wewe, ulikuwa unajua kama hajue?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Jumatatu, saa kumi. Nilisoma karatasi yake."

Akahesabu kwa kugusa vidole: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaviacha vitatu vimesimama juu ya goti lake. Hapo nikaanza kumweleza. Nikamweleza Direkteri, inspekteri, programu, sehemu za ua, walimu wanaongoja nafasi, siku ya tano. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, na katikati nikajisikia sauti yangu, nikaona aibu, lakini nikaendelea mpaka mwisho.

"Nasikia," akasema. "Direkteri alikukataza. Lakini mimi, Mwalimu? Siku ya kwanza magaribi nilipita hapa na maji kichwani. Ulinisalimia. Na siku ya pili ulinisalimia. Na ya tatu."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi sikusoma, lakini niko na masikio. Ungeniambia mimi. Ningemushika mukono, ningemupeleka pale ku shimo, ningemuonesha. Mimi hakuna muntu angenikataza."